Udongo Uliokwisha Kukatika

Ukitoka Igoma, jijini Mwanza, kwa barabara ya Musoma, majabali ya matale hubaki vilimani, na mabondeni hutanda udongo mweusi wa mbuga, ule wa majaruba ya mpunga. Geoffrey Milne, mtafiti wa Amani kule Tanga, ndiye aliyewaonyesha wanasayansi katika miaka ya 1930 kuwa udongo wa Afrika Mashariki hubadilika kwa utaratibu kutoka kilimani hadi bondeni. Chini ya mbuga hiyo kuna jambo lingine, na mjenzi akilipuuza, litamgharimu.

Chimba shimo la mita moja wakati wa kiangazi. Bandua bonge ukutani kwa mkono, usilikate kwa jembe. Litaachia lenyewe kwenye uso ulioinama, laini, unaong'aa kama uliopakwa mafuta, wenye michirizi myembamba iliyoelekea upande mmoja. Hapo udongo ulikwisha kukatika, na pande mbili zikasuguana.

Chanzo ni madini ya mfinyanzi yaitwayo smektaiti. Kiangazi udongo hunywea, nyufa hufunguka, na udongo wa juu hudondokea ndani. Mvua zikinyesha, udongo hufura na kukuta nafasi yake imekwisha kujazwa. Husukumana pembeni na juu mpaka unakatika mshazari. Mwaka hadi mwaka hukatika palepale, na chembe zake bapa hulala sambamba kama karata. Mshikamano hupotea karibu wote.

Bonge zima likipimwa maabara linaweza kutoa pembe ya msuguano ya nyuzi 20. Uso uliosuguliwa ukatoa 10, pengine chini ya hapo. Kwa mzigo uleule, zaidi ya nusu ya nguvu imekwenda. A. W. Skempton aliifafanua tofauti hii mwaka 1964, kwa mfinyanzi wa Uingereza. Hata hivyo, Juni 1984, tuta la bwawa la Carsington, hukohuko Uingereza, liliporomoka likiwa bado linajengwa: chini yake paliachwa tabaka la mfinyanzi lenye mikatiko ya kale.

Anayechimba msingi au kukata kingo za barabara katika mbuga asitosheke na cheti cha bonge moja. Ashuke shimoni, atafute nyuso hizo, apime zimeinamia wapi. Zikiinamia shimoni, hata ukuta mfupi unaweza kushuka mvua ikinyesha. Kumwaga moramu juu hakuziondoi nyuso hizo, kunaziongezea mzigo.