Kanuni za Muziki na Mtoto Ajifunzaye Kinanda

Apitaye Nyakato Jumamosi alasiri, kando ya barabara iendayo Musoma, hakosi kusikia vinanda vya umeme vikilia kutoka makanisani. Mara nyingi mpigaji ni mtoto ambaye hajamaliza shule ya msingi. Vidole vyake ni vyepesi na masikio yake ni makali. Hata hivyo, wengi wa watoto hao wamefundishwa jambo moja tu, nalo ni mahali pa kuweka vidole.

Likizo moja nilihudhuria mazoezi ya namna hiyo. Kijana wa miaka kama 12 alikuwa akipiga kwa ustadi, mara umeme ukakatika. Wazee wakafunua kinanda cha zamani cha kukanyaga kwa miguu, wakamwomba aendelee na wimbo uleule. Akaanza, lakini wimbo ukawa juu mno na sauti za kwanza zikashindwa kuufikia. Mwalimu wa kwaya akamwambia ashuke. Mtoto akajaribu, akapotea, wenziwe wakacheka. Jumamosi iliyofuata hakuja.

Je, kosa lilikuwa la nani? Vinanda vingi vya umeme vina kitufe kinachohamisha sauti zote juu au chini. Mtoto hupiga kila wimbo kwa vibao vyeupe tu, na kuhamisha sauti ni kazi ya mashine. Kwa hiyo yule kijana hakuwa mvivu wala mjinga. Alikuwa ameazimwa ujuzi na mashine, na mashine ilipozimika, ujuzi nao ukaondoka.

Siri ya hatua kumi na mbili

Dawa yake ni fupi. Kutoka do moja hadi do ya juu yake, kinanda kina hatua ndogo 12, tukihesabu vibao vyeupe na vyeusi pamoja. Ngazi ya do, re, mi, fa, so, la, ti, do hupandwa kwa mpango huu: 2, 2, 1, 2, 2, 2, 1. Jumla yake ni 12. Mtoto aujuaye mpango huu aweza kuanzia kibao chochote. Akiianza do yake mahali ambapo zamani palikuwa re, atagundua kwamba ngazi haikamiliki bila vibao viwili vyeusi. Hakuna haja ya kukariri, anahesabu tu.

Hesabu hii si amri ya mtu, bali ina asili yake katika maumbile. Chukua uzi wa chuma wenye urefu wa sentimita 60, uukaze juu ya ubao, uupige. Ukiubana katikati, ukabaki na sentimita 30, utasikia sauti ileile, ila ya juu zaidi: ndiyo do ya pili, kwa kuwa uzi sasa watetema mara mbili zaidi kwa kila sekunde. Ukiacha sentimita 40, utapata so. Ukiacha 48, utapata mi. Uhusiano huo wa urefu na sauti unasimuliwa tangu zama za Pythagoras wa Ugiriki, na mtoto wa darasa la tano aweza kuuhakikisha kwa rula yake.

Mtazame pia mpiga gitaa. Vigawanyo vya shingo ya gitaa hukaribiana kadiri vinavyoelekea tumboni. Sababu ni kwamba kila hatua huzidisha mitetemo kwa 1.0595 hivi, wala haijumlishi. Kwa uzi wa sentimita 60, nafasi ya kwanza ni kama sentimita 3.4, na ya kumi na mbili ni kama 1.8 tu. Hapo uzi umefika nusu yake kamili. Kumbe gitaa ni somo la hesabu lililochongwa katika mti!

Elimu hii si ya kigeni

Wapo wasemao kwamba kanuni za muziki ni mambo ya Ulaya. Kweli, maandishi ya sofa tuliyoyapata kwa wamisionari yalienezwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19, akijenga juu ya kazi ya mwalimu Sarah Glover. Lakini Enoch Sontonga wa Afrika Kusini alitumia sofa hiyohiyo, na tuni aliyoitunga mwaka 1897 ndiyo tuimbayo leo katika wimbo wetu wa taifa.

Tena kanuni hazikai katika karatasi peke yake. Mbele kidogo ya Nyakato, katika barabara hiyohiyo, kuna Kisesa na makumbusho ya Wasukuma ya Bujora. Wacheza bugobogobo, majembe mikononi, hutunza mapigo yao bila kitabu. Wagogo nao hulinganisha marimba yao kwa mpango wao wenyewe, usiofanana na ule wa kinanda. Wote hao wana nadharia; wameihifadhi masikioni na mwilini. Mtoto wa kinanda cha kitufe hana hiyo ya masikioni wala ile ya karatasini.

Sisemi kwamba tuanze na ubao na chaki. Zoltán Kodály wa Hungaria, aliyefariki mwaka 1967, alisisitiza kwamba mtoto aimbe kwanza, kisha ajue jina la alichokiimba, ndipo asome. Utaratibu huo wafaa hata hapa kwetu: dakika kumi za kuimba ngazi na kupiga makofi kabla ya kukigusa kinanda, na wimbo mmoja kila mwezi upigwe kutoka mahali patatu tofauti, kitufe kikiachwa.

Yule kijana alirudi baada ya mwalimu wake kumfuata nyumbani. Likizo iliyofuata nilimwandikia tarakimu saba katika kipande cha karatasi, nikanyamaza. Alihesabu polepole, akavipata vile vibao viwili vyeusi, akaupiga wimbo wake wote katika kinanda cha kukanyaga.

“Kumbe ni hesabu tu, mwalimu?” akauliza.

Nikamjibu kwamba ni hesabu, ila ni hesabu inayoimba. Wazazi wanaojinyima ili mtoto apate kinanda wanastahili kujua kwamba chombo peke yake hakitoshi. Chombo huharibika, na umeme hukatika. Kanuni ikishaingia kichwani, mtoto huenda nayo popote.