Programu za zamani kwa kompyuta za Ufipa

Mjini Sumbawanga, Ufipa, fundi aliyeitwa "kupiga Windows" kwenye laptopu iliyochoka hutoa flashi mfukoni kabla hata ya kuuliza nywila ya intaneti. Humo mna VLC, LibreOffice, Firefox na pengine Linux nzima, na aghalabu si matoleo ya mwaka huu. Anazo sababu. Bando ni gharama, na kompyuta nyingi zinazofika kwenye steshenari, shule na ofisi za vijiji ni za mitumba: RAM ya gigabaiti mbili, prosesa ya biti 32, Windows 7. LibreOffice 25.8, iliyotoka Agosti 2025, haikubali tena Windows 7. Firefox nayo ilifunga mlango huo baada ya toleo la 115. Mwenye mashine ya namna hiyo hahitaji programu mpya kabisa. Anahitaji toleo la mwisho linaloafikiana na mashine yake, na anahitaji kulipata likiwa salama.

Kwa hiyo namna seva za kupakulia programu huria zinavyoyatunza matoleo ya zamani ni jambo linalowagusa watu wa Ufipa moja kwa moja, ingawa seva zenyewe ziko mbali.

Programu huria ni zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzinakili, kuzirekebisha na kuzigawa. Toleo jipya likiwa tayari, faili zake huwekwa kwenye seva kuu, kisha seva nyingine duniani huvuta nakala. Nyingi huendeshwa kwa kujitolea na vyuo vikuu na kampuni za mtandao. Afrika Mashariki inazo: kampuni ya Liquid ina seva ya nakala Nairobi, na mtandao wa vyuo na watafiti wa Uganda, RENU, una yake Kampala. Faida yake huonekana zaidi siku ya shida. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika kusini mwa Afrika, na intaneti ikasuasua Tanzania nzima. Siku kama hiyo, faili iliyo ndani ya ukanda ina thamani kubwa kuliko ile iliyo Ulaya.

Tatizo ni nafasi. Hazina kamili ya Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, peke yake hula terabaiti kadhaa, na anayejitolea diski zake hawezi kubeba kila kitu kilichowahi kutolewa. Basi yakawekwa mazoea: mbele hukaa matoleo yanayohudumiwa, ya zamani huhamishiwa kwenye hifadhi. Shirika la Apache limeifanya kuwa kanuni. Miradi yake hutakiwa kuondoa matoleo yaliyopitwa kwenye ukurasa wa kupakulia, huku archive.apache.org ikitunza kila kilichowahi kutoka. Debian ina archive.debian.org, Ubuntu ina old-releases.ubuntu.com. Kwenye maghala ya NFRA, wakala wa taifa wa hifadhi ya chakula, pale Sumbawanga mahindi ya zamani ndiyo hutangulizwa yatoke kwanza. Kwa programu mambo hugeuka: jipya ndilo husimama mlangoni, na la zamani huenda nyuma ya ghala lisiondoke kamwe.

Huko nyuma ndiko ugumu unakoanza. Seva za nakala zilizo jirani kwa kawaida hubeba matoleo ya sasa tu, na hifadhi ya zamani hukaa kwenye mashine chache, mbali. Ile ya Apache huwafungia wanaopakua kupita kiasi, kwa kuwa haikujengwa ihudumie umma wote kila siku. Matokeo yake, mwenye kompyuta mpya huvuta faili kutoka Nairobi, na mwenye kompyuta iliyochakaa, ambaye bando lake mara nyingi ndilo dogo zaidi, huvuta yake kutoka ng'ambo.

Wanaotumia Linux hukutana na hali hiyo ghafla. Kompyuta iliyowekewa Debian 9 miaka iliyopita inaandikiwa amri ya "apt update", nayo inajibu 404: faili haipo. Wengi hudhani mtandao ni mbovu au diski imekufa. Kumbe faili zimehamishwa tu. Dawa ni kufungua /etc/apt/sources.list, kuandika archive.debian.org mahali pa anwani ya zamani, na kufuta mistari ambayo hifadhi haina faili zake. Ni kazi ya dakika chache kwa anayejua, na ni mwisho wa safari kwa asiyejua.

Mbona basi yote yasiachwe mlangoni? Kwa sababu toleo la zamani linaweza kuwa na tundu linalojulikana na kila mwizi. Aprili 2014 ulimwengu uliambiwa kwamba OpenSSL, programu ya kulinda mawasiliano ya mtandaoni, kuanzia 1.0.1 hadi 1.0.1f ilikuwa inavujisha kumbukumbu za seva, nywila zikiwemo. Desemba 2021 ikawa zamu ya Log4j, programu ya Apache ya kurekodi matukio ya mifumo: mstari mmoja wa maandishi ulitosha kumpa mvamizi amri juu ya kompyuta ya mtu mwingine. Log4j 2.14.1, yenye kasoro hiyo, bado imo kwenye hifadhi ya Apache. Ni sawa imo, kwa kuwa wachunguzi wanaihitaji na mifumo iliyoitumia haina budi kukaguliwa. Kosa lingekuwa kuiweka mbele, mahali anapopakua mtu asiye na habari.

Flashi haina mbele wala nyuma. Faili iliyopita mikono kumi haisemi ilitoka wapi wala kama imechezewa. Lakini miradi mingi makini huchapisha kwa kila faili mfuatano wa tarakimu na herufi 64 uitwao SHA-256, hata kwa matoleo yaliyomo hifadhini. Kwenye Windows fundi huandika "certutil -hashfile", jina la faili, kisha "SHA256", na kulinganisha. Ikitofautiana herufi moja, faili hiyo si ile. Hesabu hiyo inaweza kuandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani dukani. Haili bando lolote.

Wapo wanaoona kwamba njia rahisi ni kufuta kila cha zamani. Kwa mfumo wa DHIS2 ingekuwa hasara. Mfumo huo huria, uliokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kuendelezwa Tanzania kwa mchango mkubwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndio unaopokea takwimu za vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, zikiwemo zile zinazojazwa na wauguzi katika zahanati za Nkasi na Kalambo. Watengenezaji wake huhudumia matoleo matatu ya karibuni. Kwa matoleo ya awali, aliyebaki nyuma alipaswa kupanda toleo moja baada ya jingine, kwani kila moja lilikuwa na mabadiliko yake ya kanzidata, na kurudi nyuma hakukuwezekana. Toleo la kati likikosekana, ngazi imekatika na takwimu za miaka zinakwama.

Kuna pia urithi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na kampuni ya IT+46 ya Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi kwa Kiswahili. Kazi kama hiyo inastahili kutunzwa kama linavyotunzwa gazeti la kwanza la nchi. Nchini Ufaransa, taasisi ya Inria ilianzisha Software Heritage mwaka 2016 kwa lengo hilo la kuhifadhi misimbo ya programu za dunia nzima.

Kinachokosekana ni hifadhi iliyo karibu. Mtandao wa vyuo na watafiti wa Tanzania, TERNET, au chuo chochote chenye diski za ziada, hauhitaji kubeba yote. Ungeanza na machache ambayo mashine za mikoani zinayategemea: LibreOffice ya mwisho kwa Windows 7, Firefox 115, na Debian ya biti 32. Hii ya mwisho ina tarehe yake. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha biti 32. Debian 12 ndiyo ya mwisho, na marekebisho yake ya usalama ya muda mrefu yamepangwa kukoma Juni 2028. Chuo kitakachovuta nakala yake mapema, pamoja na hesabu za SHA-256, kitawapunguzia mafundi wa Sumbawanga, Laela na Namanyere gharama ya kuitafuta ng'ambo.