Pete ya Tanzaniti kwenye Kompyuta: Ulipie Nini?

Sonara anayetaka kumwonyesha mteja pete ya tanzaniti kabla ya kuyeyusha dhahabu huanza kwa kuuliza anunue programu gani. Ningemshauri aanze na taa. Dhahabu iliyong'arishwa huonyesha tu kilicho mbele yake; ikizungukwa na weupe mtupu, itafanana na plastiki ya njano hata kwenye programu ya bei kubwa.

Programu ya Blender haina malipo, na injini yake ya Cycles hufuata njia za mwanga kwa uaminifu. Picha za mazingira za HDRI, zinazotumika kama chanzo cha mwanga, zinapatikana bure kwenye tovuti ya Poly Haven, hata kwa matumizi ya biashara. Ila ukizitegemea peke yake, pete hujaa taswira za madirisha na miti. Zipunguzie nguvu, kisha weka taa pana ya mstatili juu na nyingine nyembamba ubavuni. Halafu simamisha vibao vyeusi kandokando. Ni hivyo vibao, visivyogharimu hata senti, vinavyochora ukingo wa pete, na wengi huvisahau.

Kwenye kito, gharama ni muda. Kiwango cha kupinda mwanga kiwe 1.69 kwa tanzaniti na 2.42 kwa almasi; ukiacha 1.5 utapata kioo cha kawaida. Cycles hukomea midunda 12 ya mwanga usipoibadilisha, na kito chenye nyuso nyingi kinaweza kubaki na madoa meusi. Ongeza, ukubali kusubiri. Kwa rangi za upinde ndani ya almasi, jaribu LuxCoreRender, nayo ni ya bure.

Programu ya KeyShot ni nyepesi kujifunza, na taa unazipanga huku ukiona matokeo papo hapo. Lakini ada yake imewahi kupita dola 1,000 kwa mwaka. Karakana inayotoa picha kila siku itairudisha fedha hiyo. Mwenye pete chache za oda hana sababu ya kuilipa. Programu ya kuchora ya Rhino 8 ilitoka kwa dola 995, malipo ya mara moja, na masonara wengi huchorea humo. Kama unayo tayari, usikimbilie kununua nyingine: sehemu yake ya kufuata miale imejengwa juu ya Cycles ileile.

Fedha ikibaki, nunua kadi nzuri ya michoro, maana ndiyo inayopunguza kusubiri. Huduma ya SheepIt huunganisha kompyuta za watu wengi na kukukamilishia kazi ya Blender bure, lakini faili lako linapita kwenye mashine za watu usiowajua. Pete ya uchumba ambayo mteja ameomba iwe siri usiipeleke huko.