Kungoja kwa Mjini na Kungoja kwa Shamba

Wana wa Nyamira waliohamia Nairobi, warudipo nyumbani mwezi wa Disemba, aghalabu husema ya kuwa huko mjini siku hukimbia na huku kwetu siku zimelala. Nasi tuwasikilizao, kwa kuwa usemi huo umekwisha kuzoeleka, huukubali bila ya kuutia katika mizani.

Wataalamu wamelipima jambo hili. Mwaka 1976 Marc na Helen Bornstein walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kupima hatua za wapita njia katika miji na vijiji vya nchi kadhaa, wakaona ya kuwa kadiri mahali panapozidi watu ndivyo miguu inavyozidi kukazwa. Kabla yao, mwaka 1970, Stanley Milgram wa Marekani alikuwa ameeleza ya kwamba mkazi wa mji mkubwa, kwa kukabiliwa kila siku na nyuso nyingi kuliko awezavyo kuzishughulikia, hufupisha salamu na kuyakwepa macho ya watu ili kuihifadhi nafsi yake.

Falau wingi wa watu peke yake ungekuwa ndio sababu, Gusii yote, yaani Kisii na Nyamira, ingelikuwa ya mbio. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 958 kwa kila kilomita ya mraba katika kaunti ya Kisii, na 675 Nyamira, ilhali wastani wa Kenya nzima ulikuwa 82. Mashamba yenyewe, basi, yamejaa kama mtaa. Ila waliojaa humo wanajuana, na mama atokaye Kebirigo kwenda sokoni hukutana na wifi, na binamu, na mwimbaji mwenziwe wa kanisani, na kila mmoja hudai, baada ya salamu ya "Bwakire", habari za watoto, za ng'ombe na za mgonjwa.

Wala asidhani mtu ya kuwa shamba halina haraka. Majani mawili ya chai na kichipukizi chake, yaliyochumwa tangu alfajiri, yakishindiliwa kikapuni hupata joto, yakavunjika na kuwa mekundu kabla ya wakati wake, na karani wa kituo cha kupokelea majani huyakataa. Kwa hiyo mchumaji, mgongo umpindie na mvua imnyee, hana budi kuyafikisha kituoni siku iyo hiyo. Akisha kufika, mbio zake hukatika ghafula: lori la kiwanda limekwama matopeni huko mbali, na jioni huwakuta wakulima wangali wameketi wakizungumza habari za mahari, za karo, na za diwani aliyeahidi barabara.

Karani wa Nairobi naye huondoka nyumbani kungali giza, akaikimbilia matatu, kisha akakaa ndani yake katika msongamano wa magari, ameinamia simu, pembeni mwa mtu asiyemjua jina wala hatamwona tena. Wote wawili wameharakishwa, na wote wawili wamengojeshwa. Na kwa maoni yangu tofauti iliyo kubwa haimo katika mwendo, imo katika kungoja, kwa kuwa saa za kituo cha chai hurudi kwa mngojaji kwa sura ya ujirani, na saa za matatu hazimrudii kwa sura yoyote.

Hata hivyo vijana wanahama, na tusiwazulie ya kuwa wamechoshwa na utulivu. Malipo ya majani kila mwezi ni kidogo, na bonasi iliyo kubwa huja baada ya hesabu ya mwaka kufungwa, ambapo kibarua wa mjini hupokea ujira wake jioni. Na shamba la babu, lililogawanywa kwa wana na kisha kwa wajukuu, limebakia vipande visivyotosha hata kuweka nyumba na mistari michache ya chai. Anayemlaumu kijana huyo kwa kupenda mbio za mji na akapime kwanza shamba aliloachiwa.