Mgonjwa Anayefuata Apewe Tiba Ipi?

Ndugu askari wa majeshi na polisi, jambo tunalolieleza leo ni la madaktari, lakini mzizi wake mnaujua. Kamanda aliyepeleka vikosi kwa njia mbili, kisha akaletewa habari kwamba njia moja imezibwa, hagawi akiba yake nusu kwa nusu eti kwa sababu ndivyo ilivyopangwa alfajiri.

Tiba mpya inapojaribiwa, desturi ni kuwagawa wagonjwa kwa kura: nusu tiba mpya, nusu ya zamani, hadi mwisho. Kura huzuia upendeleo, nayo imeleta elimu kubwa. Lakini mgonjwa wa mwisho, ambaye analazwa wakati dalili zote zimekwisha kuelekea upande mmoja, hupigiwa kura ile ile aliyopigiwa wa kwanza.

Mwaka 1933 William R. Thompson wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alipendekeza njia nyingine, akifuata kanuni ya Thomas Bayes, kasisi wa Kiingereza ambaye andiko lake lilichapishwa mwaka 1763, baada ya kufa kwake. Kanuni hiyo yasema: anza na makisio, uyarekebishe kila habari mpya iingiapo. Basi, ikiwa uwezekano wa tiba moja kuwa bora umefika 80 kwa 100, kura ya mgonjwa anayefuata nayo ielekee huko kwa kiasi hicho.

Njia iliyo jamaa na hiyo, isiyotumia hesabu ya Bayes, ilijaribiwa Michigan. Daktari Robert Bartlett na wenzake walikuwa na mashine ya kutia oksijeni katika damu ya watoto wachanga ambao mapafu yao yameshindwa kazi. Kura ilifuata mfano wa mtungi wenye gololi mbili, moja kwa kila tiba. Tiba ikifaulu, huongezewa gololi. Ikishindwa, huongezewa mwenzake. Mtoto wa kwanza aliangukia mashine, akaishi. Wa pili aliangukia tiba ya kawaida, akafa. Kumi waliofuata wote walipata mashine, na wote wakaishi.

Taarifa ilipotolewa mwaka 1985, madaktari wengi hawakuridhika, nasi hatuwalaumu. Kumi na mmoja upande huu, na upande ule mmoja tu! Kwa hiyo watoto wengine wakapigiwa kura. Taarifa ya Boston ya mwaka 1989 ilionyesha kwamba kati ya 10 waliopata kwanza tiba ya kawaida, 4 walifariki. 9 wa mashine wote waliishi. Bado shaka haikwisha. Uingereza, mwaka 1993 hadi 1995, watoto 185 waligawanywa sawa kwa sawa: walikufa 30 kati ya 93 waliopangiwa mashine, na 54 kati ya 92 wa tiba ya kawaida. Kuwahurumia wachache mapema kuliacha shaka, na shaka hiyo ikalipiwa na wengine.

Wataalamu wa leo huanza kwa mgawo sawa, kisha huuelekeza hatua kwa hatua. Ndivyo jaribio la REMAP-CAP lilivyofanya, kwa hesabu ya Bayes, wakati wa UVIKO-19. Uwezekano wa dawa ya tosilizumabu kuwasaidia wagonjwa mahututi ulipovuka 99 kwa 100, jibu lilitolewa. Taarifa ya mwaka 2021 ilihesabu vifo 98 kati ya wagonjwa 350 walioipata, na 142 kati ya 397 ambao hawakuipata.