Ada ya Mwalimu na Pesa za Kampeni

Unapouza pamba au kahawa yako katika chama cha ushirika, pesa kidogo hukatwa. Hulalamiki sana. Unajua kuna ghala, kuna mizani, kuna karani wa kulipwa. Lakini je, ukisikia kwamba senti zako zimelipia mabango ya mgombea usiyemtaka, utasemaje?

Jambo hilo liliwagombanisha walimu wa Marekani kwa zaidi ya miaka 40.

Huko, katika majimbo mengi, chama cha walimu kikichaguliwa na walimu walio wengi, huzungumza na mwajiri kwa niaba ya walimu wote. Huzungumza juu ya mishahara na saa za kazi. Nyongeza ikipatikana, hupata wote, hata wasio wanachama. Wanachama wakanung'unika. Wao wanatoa ada, mwenzao hatoi kitu, lakini nyongeza anakula. Basi katika sehemu kadhaa yakafanywa mapatano. Asiyetaka kuwa mwanachama asilazimishwe, ila atoe ada ya huduma.

Mji wa Detroit ulifanya mapatano hayo mwaka 1969. Ada ya asiye mwanachama ilikuwa sawasawa na ya mwanachama. Walimu kadhaa wakafungua kesi. Walisema chama kinaingia katika siasa wasizozikubali. Mwaka 1977 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu. Pesa za kuzungumza na mwajiri na za kutetea walimu kazini, kila mmoja alipe. Pesa za siasa, asiyekubali asikatwe.

Labda unajiuliza, chama cha walimu kinatafuta nini katika siasa? Mimi sioni ajabu. Shule nyingi za huko ni za serikali, na wanaopanga pesa za shule ni watu waliochaguliwa kwa kura. Mwaka 1976 chama kikubwa kuliko vyote cha walimu kilimuunga mkono Jimmy Carter agombee urais. Kilikuwa hakijawahi kumuunga mkono mgombea urais hata mmoja. Carter alishinda. Mwaka 1979 akatia sahihi sheria ya kuunda Wizara ya Elimu, jambo ambalo chama kililitaka kwa muda mrefu.

Sheria haikuruhusu ada ya chama apewe mkononi mgombea urais au mgombea ubunge wa taifa. Pesa hizo zilitakiwa zitoke katika mfuko wa pembeni, wa kuchanga kwa hiari. Lakini ada iliweza kutumika kwa mambo mengine ya siasa, na mahesabu yake si rahisi kuyaona.

Chukua kalamu, tupige hesabu ya mji wa Chicago. Mwalimu mwanachama alilipa dola 17 na senti 35 kwa mwezi. Asiye mwanachama alilipa dola 16 na senti 48. Toa. Tofauti ni senti 87 tu. Chama kilisema kwamba matumizi yasiyomhusu asiye mwanachama ni hizo tu, yaani senti 5 katika kila dola. Nani aliyekagua? Chama chenyewe! Mwaka 1986 Mahakama ya Juu ilikataa. Iliamua kwamba chama kieleze hesabu kabla ya kukata, malalamiko yasikilizwe mapema na mtu asiye na upande, na pesa zenye ubishi ziwekwe mbali hadi shauri liishe.

Wako waliotaka kukata mzizi kabisa. Katika jimbo la California wananchi waliulizwa kwa kura, mwaka 1998, 2005 na 2012, kama makato ya mishahara kwa ajili ya siasa yazuiwe au yawekewe masharti. Mara zote tatu walikataa. Vyama, pamoja na cha walimu, vilitumia mamilioni ya dola kuwashawishi. Pesa hizo nazo zilitoka wapi, kama si kwa wanachama?

Mwaka 2018 mambo yaligeuka. Mfanyakazi mmoja wa serikali ya jimbo la Illinois, ambaye hakuwa mwalimu, alikuwa akikatwa karibu dola 45 kwa mwezi bila kuwa mwanachama. Majaji 5 kati ya 9 walisema kwamba hata kuzungumza na serikali juu ya mishahara ni siasa, kwa sababu mishahara hiyo ni kodi ya wananchi. Basi mfanyakazi wa serikali asikatwe hata senti moja bila ridhaa yake. Majaji 4 walipinga. Waliona kwamba sasa mtu atakula matunda ya chama bila kukilipia.

Hukumu ya 1977 ikafutwa. Tangu hapo chama humwendea mwalimu na kumwomba atie sahihi. Lakini soma vizuri karatasi hiyo. Katika vyama kadhaa, aliyetia sahihi anaweza kusimamisha makato katika siku chache tu za mwaka. Akizikosa, huendelea kukatwa mpaka siku hizo zifike tena.