Je, Wajua? Kadi ya Wati 75 na Kompyuta ya Mtumba

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa kama mitumba Dar es Salaam na Nairobi zilianza maisha katika maofisi ya ng'ambo: OptiPlex za Dell na ndugu zake wa HP, nzito, zisizo na mapambo. Prosesa ya Core i5 ya mwaka 2012 bado huandika barua na kuonyesha filamu bila kulalamika. Ifungulie gemu ya mpira, wachezaji wataanza kukwamakwama.

Uzee wa prosesa si tatizo kubwa. Michoro yote imeachiwa kijisehemu kilichomo ndani yake, kisicho hata na kumbukumbu yake, kinachokopa RAM. Ilhali skrini ya 1920 kwa 1080 ina nukta zaidi ya milioni 2, na gemu hutaka zipakwe rangi upya mara 60 kila sekunde. Hesabu ya nukta moja ni nyepesi; balaa ni wingi wake. Prosesa hiyo ni mafundi 4 mahiri, na kadi ya michoro ni mamia ya vibarua wanaofanya kazi ileile kwa pamoja.

Basi chomeka kadi, yaishe? Hapo ndipo umeme unapoingilia. Sloti ndefu ya PCI Express hutoa wati 75 tu. Kadi kubwa hudai waya wa ziada moja kwa moja kutoka pawa saplai, na pawa saplai ya wati 240 ya kasha dogo la ofisi kwa kawaida haina waya huo.

Februari 2014 NVIDIA ilitoa GeForce GTX 750 Ti: vibarua 640, wati 60. Usanifu mpya wa Maxwell ulianzia kwenye kadi hii ya bei ya chini badala ya zile za kifahari, na mashine za ofisi zikapata uhai wa pili. Oktoba 2016 ikaja GTX 1050 Ti, yenye gigabaiti 4 za kumbukumbu, ambayo haivuki wati 75. Kwa maoni yangu hizi mbili ndizo zilizoelewa hali ya mnunuzi wa kawaida.

Kadi mpya zaidi huweza kukupunja. RX 6400 ya AMD, ya mwaka 2022, hula wati 53, lakini hutumia njia 4 tu za data kati ya 16 za sloti. Kwenye ubao mama wa zamani, ambako kila njia ni ya polepole, hubanwa. GT 1030 nayo iliongezewa toleo la kumbukumbu ya DDR4 mwaka 2018, kwa jina lilelile: data hupita kwa gigabaiti 16.8 kwa sekunde, si 48 kama lile la kwanza. Soma maandishi madogo ya boksi. Kama kasha lako ni jembamba, pima pia kimo cha kadi.

Zipo na za kughushi: kadi za mwaka 2010 au 2011 zilizoandikwa upya ndani ili kompyuta izitambue kama GTX 1050 Ti. Programu ya bure ya GPU-Z huzinasa nyingi. Bila programu, tazama nyuma: kizazi cha 1050 Ti kilishaachana na VGA, kwa hiyo ukiona tundu la buluu la pini 15, mrudishie muuzaji kadi yake.